Ufundi wa Kupunguza

Mtu akishafungua boksi la mtambo mpya wa muziki, mkono wake huenda kwanza kwenye kitufe cha sauti, kisha kwenye cha besi. Vyote viwili huzungushwa kulia. Vioo vya dirisha vikitetemeka na jirani akachungulia, basi mtambo ni mzuri na hela haikupotea bure. Nimeketi katika sebule nyingi za namna hiyo, nikinywa soda ya mwenyeji na kumsifia, maana mgeni hana budi. Lakini moyoni nimekuwa nikijisemea kwamba kazi hapa bado haijaanza.

Nazungumzia risiva ya sinema ya nyumbani, lile sanduku zito lenye matundu mengi mgongoni, linaloigawa sauti kwa spika tano au saba na sabufa yake. Siku hizi nyingi huja na maikrofoni ndogo ndani ya boksi. Unaiweka pale unapoketi, unabonyeza kitufe, spika zinalia moja baada ya nyingine, na baada ya dakika chache risiva inakutangazia kuwa imemaliza. Wengi huishia hapo, na wengine hata hapo hawafiki. Mimi naisifu njia ya zamani: futikamba mkono mmoja, rimoti mkono wa pili, na masikio. Siidharau ile maikrofoni, mara nyingi hupima vizuri kuliko mtu. Ila anayepanga kwa mkono huliona mapema jambo ambalo kitufe hakimwonyeshi, kwamba karibu kila hatua ya kazi hii ni ya kuondoa kitu.

Waya zenyewe hazina mengi. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukikosea spika moja hakuna kitakachoungua wala kutoa moshi, na ndiyo maana kosa hilo hukaa miaka. Spika zote mbili zitalia, lakini moja itakuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, na besi itafutika kabla haijakufikia. Msemaji aliyepaswa kuwa mbele yako atasikika hana mahali. Mafundi redio wana kipimo chao cha betri ya volti 1.5: gusisha ncha za waya kwenye betri kwa mara moja tu, halafu tazama koni ya spika. Ikiruka kwenda nje, chanya imekutana na chanya.

Baada ya hapo menyu inauliza kama spika zako ni kubwa au ndogo, na hapo heshima za watu huumia. Mtu amenunua spika zinazomfika kiunoni, kazibeba kwa bajaji kutoka Kariakoo, halafu unamshauri aandike kwamba ni ndogo! Lakini menyu haiulizi kimo. Inauliza kama spika inaweza kubeba sauti za chini kabisa, za hezi 20 au 30, kwa nguvu na bila kuchoka, na spika za nyumbani zinazoweza hivyo ni chache mno. Ukichagua ndogo na kuweka mpaka kwenye hezi 80, kila kilicho chini ya hapo kinahamishiwa kwenye sabufa. Koni ya spika inapumzika na risiva nayo inapumua, kwa kuwa besi ndiyo inayokula umeme wake mwingi. Matokeo yake ni kwamba sauti za watu, magitaa na milango inayofungwa husikika wazi kuliko mwanzo, ingawa spika imenyang'anywa kazi. Hiyo 80 nayo ina sababu yake. Mfumo wa THX, ulioanzishwa na Tomlinson Holman ndani ya kampuni ya Lucasfilm mwaka 1983, uliishika namba hiyo kwa vile chini yake sikio hushindwa kujua sauti inatokea upande gani. Sabufa inaweza kujificha nyuma ya kochi na mlipuko ukaonekana umetoka kwenye runinga. Spika zenye koni ndogo kama kiganja zinahitaji mpaka wa juu zaidi, 120 au hata 150.

Kisha umbali. Katika hewa ya nyuzi 20 sauti hutembea takribani mita 343 kwa sekunde. Kwenye joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari hufika kama 349, tofauti ambayo sebule haiihisi. Kwa kasi hiyo inachukua karibu milisekunde tatu kwa kila mita. Kama spika ya pembeni iko mita moja na nusu kutoka sikioni na ya mbele iko mita tatu na nusu, ile ya pembeni inafika karibu milisekunde sita mapema. Unaweza kudhani muda huo ni wa kupuuzwa. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alionyesha kwamba sauti ileile ikitoka sehemu mbili kwa tofauti ndogo kama hiyo, sikio huiamini iliyotangulia na kuiweka sauti yote upande huo. Ndiyo maana katika nyumba nyingi sinema inachezwa ukutani lakini unahisi imekukalia begani.

Risiva haina uwezo wa kuiharakisha spika ya mbali. Inachoweza ni kuzisubirisha za karibu. Unapima kwa futikamba kutoka kwenye spika hadi usawa wa kichwa cha aliyeketi, unaandika namba, na yenyewe inapiga hesabu ya nani angoje kwa muda gani. Sabufa tu ndiyo inayoidanganya futikamba. Vifaa vilivyomo ndani yake huichelewesha sauti kabla haijatoka, hivyo mara nyingi namba inayosikika sawa huwa kubwa kuliko umbali wa kweli. Hapo unacheza ngoma yenye besi nzito, unaongeza umbali kidogo kidogo, na unasimama pale ngoma na besi zinapogonga pamoja.

Hatua ya viwango ndiyo niipendayo. Risiva inatoa mvumo wa majaribio katika spika moja, kisha inahamia nyingine, na wewe unataka zote zikufikie kwa nguvu moja. Mwalimu wa kwaya anayeijua kazi yake hamwambii mwenye sauti nyembamba apige kelele. Humwomba yule mwenye kifua apunguze. Vivyo hivyo hapa. Spika za pembeni, kwa kuwa ziko karibu na masikio, hushushwa desibeli mbili, tatu, hata tano, mpaka zisionekane zinajitangaza. Mwenye kipimo cha sauti hukiweka kwenye alama ya C na mwendo wa polepole, akalenga desibeli 75. Programu ya simu inatosha kwa kulinganisha spika na spika. Usiiamini kwa sabufa, kwani maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu.

Kuna mahali ambapo ninaongeza, na siombi radhi. Kama nyumbani yuko bibi ambaye masikio yameanza kuchoka, spika ya katikati ipande desibeli mbili juu ya wenzake, maana maneno ya filamu karibu yote hupita humo. Maikrofoni ya kwenye boksi haiwezi kujua kwamba bibi yupo. Nayo haijui kwamba baba huangalia mpira kwa sauti ya chini usiku. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson mwaka 1933 inafahamika kuwa sauti ikishuka, sikio hupoteza besi kwanza. Basi viwango vithibitishwe kwa sauti ileile mnayosikilizia, si ile ya kuwaonyesha wageni.

Na sabufa? Imeonewa sana. Imewekwa pembeni mwa runinga kwa sababu waya umefika hapo, ikalaumiwa kwa kuvuma au kwa kutosikika. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.6 hivi. Chumba chenye urefu wa mita 4.3 ni nusu yake kamili, kwa hiyo wimbi hilo hugota ukutani na kujirudia juu ya lenyewe: karibu na kuta linanguruma, katikati ya chumba linakaribia kutoweka. Aliyeketi katikati atasema sabufa ni mbovu, na aliyeegemea ukuta wa nyuma ataomba ipunguzwe. Wote wawili wanasema kweli. Mwenye mkono mwepesi atakimbilia kuongeza sauti, lakini pale wimbi linapojifuta, ukiliongeza na kinacholifuta kinaongezeka. Dawa ni kuhama. Sogeza kochi nusu mita, au hamisha sabufa.

Kwa kuhamisha kuna mbinu inayochekesha. Inua sabufa, iweke juu ya kochi pale unapoketi, cheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha tambaa sakafuni kando ya kuta ukisikiliza. Ndiyo, tambaa, kichwa kiwe usawa wa sabufa itakapokaa. Mahali ambapo kila noti inasikika kwa uzito unaofanana, bila moja kuvimba, hapo ndipo pa sabufa. Funga mlango kwanza kama unajali hadhi yako kwa watoto. Mara chache mahali hapo huwa kwenye kona, kwa kuwa kona huivimbisha besi. Wanaopenda kona wanapenda wingi.

Chumba nacho kina neno lake. Sebule zetu za kisasa ni marumaru chini, kuta za tofali zilizopigwa rangi ya kung'aa, meza ya kioo na dirisha pana: kila kitu kinairudisha sauti. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, ukumbi wa mihadhara ambamo neno moja lilikawia kwa sekunde tano na nusu. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga humo usiku na kupima muda wa sauti kufa, na kutokana na mito hiyo ikazaliwa kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Zulia nene mbele ya kochi na pazia zito lenye mikunjo huisafisha sauti kuliko spika mpya. Ni rahisi pia, ingawa dukani hutaambiwa.

Ukimaliza, jaribu kwa filamu uijuayo. Mimi hupenda mwanzo wa Apocalypse Now ya mwaka 1979, ambayo Walter Murch aliipangia sauti izunguke ukumbi mzima: helikopta inapita nyuma ya kichwa na kurudi mbele. Ikivimba inapofika kushoto nyuma, spika hiyo bado iko juu. Ikipotea njiani na kuibukia kwingine, rudi kwenye umbali. Jaribu pia filamu zilizotafsiriwa Kiswahili, zile ambazo mtafsiri anasimulia juu ya mchezo. Sauti yake mara nyingi imerekodiwa sawasawa kulia na kushoto, na risiva ikiwekwa kwenye mfumo wa Dolby Pro Logic huipeleka spika ya katikati. Mpangilio ukiwa sawa, msimuliaji anakaa palepale kwenye runinga hata ukiketi pembeni.

Namba zote ulizozipata, umbali, viwango na mpaka wa besi, ziandike kwenye karatasi na uibandike chini ya risiva. Kuna siku mtoto atabonyeza asichokijua, au fundi atairudisha ilivyotoka kiwandani, na si kila risiva hutunza nakala.