Kaseja, matuta na mguu mmoja mstarini

Juma Kaseja hakuwahi kuwa kipa mrefu. Vijana wanaodaka kwenye viwanja vya Nyamagana na Kirumba wangefaa kuanzia hapo, maana makocha wengi wa mitaani Mwanza bado huchagua kipa kwa kumsimamisha chini ya mwamba na kutazama mkono unafika wapi. Kwa kipimo hicho, huyu Tanzania One, kipa namba moja wa taifa wa miaka mingi, angerudishwa nyumbani.

Tuangalie matuta. Mwaka 2003, Simba chini ya James Siang'a, ambaye naye alikuwa kipa wa Harambee Stars enzi zake, iliwavua ubingwa wa Afrika Zamalek mjini Cairo kwa mikwaju 3-2, Kaseja akiwa langoni. Miaka 16 baadaye Kaseja huyohuyo, akiwa na timu ya taifa, Taifa Stars, alirudia kazi hiyo mara mbili ndani ya wiki tano. Agosti 4, 2019, Kenya walilala 4-1 kwa penalti Kasarani. Septemba 8, Burundi walitolewa 3-0 kwa penalti Dar es Salaam. Hesabu vizuri: katika matuta hayo mawili ya 2019, bao moja tu lilimpita.

Lango lina upana wa mita 7.32 na penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira wa kasi ya kilomita 100 kwa saa hufika kwa muda usiotimia nusu sekunde. Kipa akibaki mstarini, ana mita 3.66 za kulinda kila upande. Akikutana na mpira mita moja mbele, upande huo unabaki mita 3.33. Hizo sentimita 33 ndizo urefu alionyimwa kipa mfupi. Ila zina bei, kwani anayesogea mbele anapunguza pia muda wa kuona mpira unakoelekea. Kwa hiyo hatua lazima iwe ya mshazari, na iondoke pale mguu wa mpigaji unapogusa mpira. Akiwahi tu, mpigaji anamsoma na kuupeleka upande wa pili.

Hapa sheria nayo ina mchango. Mabadiliko ya Juni 2019 yalimtaka kipa awe na angalau sehemu ya mguu mmoja mstarini, au sawa na mstari, mpira unapopigwa. Zamani ilikuwa miguu yote miwili. Mguu mmoja ukiwa huru, hatua ya mshazari inaweza kuanza mapema kidogo bila mkwaju kurudiwa. Mechi ya Kasarani ilichezwa miezi miwili tu baada ya hapo.

Kusogea huko mbele kwenye hoki ya barafu ni jambo tofauti. Lango lao lina upana wa mita 1.83, mtu mwenye pedi akisogea mbele analijaza. La soka halijaziki hata ukiwa na mwili wa tembo.

Kanda ya Ziwa tulimpata Kaseja Kagera Sugar mwaka 2017, wakati wengi wakimhesabu amekwisha. Uwanja wao wa Kaitaba, jirani kabisa na ziwa, ni wa nyasi bandia. Mpira wa chini unateleza kwa kasi, na kipa mwenye miguu mizito anaumbuka mapema. Kisha akaenda KMC, akafundishwa na Etienne Ndayiragije, yule Mrundi aliyeifikisha Mbao FC ya Mwanza fainali ya Kombe la FA 2017. Ndayiragije alipokabidhiwa Taifa Stars, akamrudisha langoni.

Wapo wanaosema Warundi walikosa wenyewe penalti zile za 2019. Sawa, lakini mpigaji anayeona kipa hajaanguka mpaka yeye mwenyewe anafika kwenye mpira hulazimika kutafuta kona ya mbali zaidi, na huko ndiko penalti nyingi zinakopaa juu ya mwamba.