Upepo Usio na Msimu

Sail Forth ilitoka Desemba 2022, kazi ya studio ndogo ya David Evans Games, na saa zake za mwanzo ni raha tupu. Katika mji uliozoea foleni za mafuta kama Bujumbura, gemu ya kusafiri bila lita hata moja ya dizeli ina utamu wake.

Raha hiyo imejengwa juu ya hesabu moja. Upepo una upande wake na nguvu yake. Tanga lina pembe yake. Mwendo unatokana na hivyo viwili vinapokutana. Unageuza tanga taratibu, linajaa, chombo kinalala kidogo na kushika kasi. Ukizidisha, tanga linapwaya. Ukielekeza omo upepo unakotoka, mwendo unakufa, na huna budi kubisha, mara huku mara kule, mpaka ufike. Kwa hiyo hata kipande cha bahari kisicho na kitu kina kazi ya kufanya.

Tatizo ni kwamba upepo huo hauna msimu. Ukisimama bandarini Bujumbura kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki unapanda Ziwa Tanganyika kuja kaskazini, na unayasukuma hata maji ya juu kuja huku. Jahazi la kutoka Kigoma wakati huo lingekuja na upepo wa tezi. Likirudi, lingebisha njia nzima. Njia ni ileile, safari ni mbili. Nahodha wa tanga angeuliza kwanza ni mwezi gani, ndipo aulize mzigo ni wa nani. Meli za leo za Kigoma, Kalemie na Mpulungu zina injini, haziulizi.

Sail Forth nayo inaishia kama meli za injini. Visiwa vyake vinapangwa na kompyuta, kwa hiyo haviishi, lakini havina sababu ya kutofautiana: maharamia wa kupiga mizinga, mzigo wa kuokota, mtu wa kukutuma. Wakati huohuo unapewa vyombo vikubwa zaidi, kisha msafara mzima. Chombo kikubwa kinasamehe tanga lililowekwa ovyo. Ule ujuzi uliokufurahisha mwanzoni unapungua thamani kadiri unavyofaulu, na hapo ndipo gemu inapoanza kuchosha. Wengi watalaumu wingi wa visiwa. Mimi nalaumu zaidi hiyo zawadi ya meli kubwa.

Hata hivyo wingi nao una lawama yake, maana safari huhitaji mwisho. Novemba 1871 wavumbuzi Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda ncha ya kaskazini ya ziwa wakiwa na swali moja: Mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Tarehe 25 walilala Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura ya leo, ambako jiwe la kumbukumbu lipo mpaka sasa. Walipoona mto unaingia, walirudi Ujiji. Sail Forth ingeona mto unaingia, kisha ingekupa mito mingine arobaini.

Ugonjwa huu wa wingi unatibika, na aliyeonyesha dawa ni Nintendo. The Wind Waker ya 2002 ilimlazimu mchezaji, kila alipotaka upepo mwingine, asimame, atoe kijiti cha uongozaji muziki, apige mapigo matatu, achague upande, kisha asubiri. Mwishoni akatafute vipande 8 vya hazina vilivyozama, kila kimoja na ramani yake, na kila ramani isomwe kwa malipo ya rupia 398. Toleo la 2013 liliongeza tanga la kasi ambalo upepo wake hutoka nyuma daima, na likaacha ramani 3 tu. Vipande 5 vikapatikana moja kwa moja. Sipendi lile tanga, maana linaua upepo kabisa. Kupunguza ramani, hapo walifanya la maana. Waswisi wa studio ya Okomotive hawakuhitaji kupunguza: FAR: Lone Sails ya 2018 inaelekea upande mmoja tu na kwisha ndani ya saa chache.

Icheze Sail Forth mpaka utakapokabidhiwa meli kubwa, kisha ifunge bila majuto. Na vijana wa mitaa yetu ya Buyenzi na Kinindo wanaojifunza kuandika programu: chukueni Kigoma na Bujumbura, kiangazi na masika, kwenda na kurudi. Hayo yanatosha gemu nzima, msiongeze kisiwa.