Kabla ya Kofi

Filamu za kufichua maovu hupenda kofi. Mtu anapigwa, picha inarudiwa, tunashtuka, kisha tunaisambaza kwenye grupu za WhatsApp tukiuliza ati binadamu anawezaje. Lakini makao ya watu wenye ulemavu wa akili na usonji huanza kuoza muda mrefu kabla ya mtu kuinua mkono. Je, kamera inaweza kuuona uozo huo? Filamu mbili za runinga, moja ya Uingereza na nyingine ya Marekani, zinajibu tofauti.

Tuanze na ile ya karibuni. Mwaka 2011, kipindi cha Panorama cha BBC kilimwingiza mwanahabari Winterbourne View, hospitali ya kibinafsi karibu na Bristol, akajifanya mhudumu huku amevaa kamera ya siri. Alikaa humo wiki tano. Wagonjwa wanapigwa, wanavutwa nywele, mmoja anamwagiwa maji nje kwenye baridi. Kama ushahidi, huwezi kuipinga. Nesi mmoja alikuwa ashalalamika kwa wasimamizi na kwa wakaguzi wa serikali, wakampuuza. Baada ya filamu kuonyeshwa, hospitali ilifungwa, wahudumu 11 wakakiri makosa, na sita kati yao wakatupwa jela.

Hadi hapo, heko. Shida yangu ni hadithi tunayobaki nayo: wabaya ndio hawa, wamefungwa, tulale. Ukiitazama tena bila kusubiri kofi, utaona kitu kingine. Watu wazima wamekaa mchana kutwa hawana la kufanya. Milango imefungwa. Wahudumu nao wamechoshwa, na uchovu wao unageuka mchezo, mchezo unageuka mateso. Filamu inayaona haya lakini inayapitia mbio, kwa sababu mtu aliyeketi tu hana mvuto kwenye skrini.

Na usiseme ni umaskini. Nafasi moja pale iligharimu wastani wa pauni 3,500 kwa wiki, na serikali ndiyo iliyolipa. Mwaka 2019 Panorama ilirudi, safari hii Whorlton Hall, kaunti ya Durham, ikakuta mateso yaleyale. Mbona? Wale sita walifungwa, sawa, ila ule mchana mrefu usio na kazi wala maana haukupelekwa kortini.

Sasa rudi nyuma hadi 1972. Geraldo Rivera, kijana wa runinga ya New York, anaingia Willowbrook, taasisi ya serikali kule Staten Island, kwa ufunguo wa daktari aliyekuwa amefutwa kazi. Watoto wako uchi sakafuni, gizani. Filamu yake, Willowbrook: The Last Great Disgrace, ina makosa yake. Rivera anapenda sauti yake mwenyewe, na kamera inawamulika watoto ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kuonekana hivyo.

Hata hivyo, naiweka juu ya ile ya Panorama kwa mambo matatu. Kwanza, inahesabu mambo ya kila siku: mhudumu mmoja kwa watoto wapatao 50, na mtoto analishwa kwa dakika zisizozidi tatu. Hebu jaribu kumeza sahani ya ugali kwa dakika tatu ukiwa umelala chali. Hapo hakuna aliyepigwa, na bado ni ukatili. Pili, Rivera anaenda California kutuonyesha huduma inayofanywa vizuri zaidi, kwa hiyo hatuwezi kujidanganya kwamba hali hii haikwepeki.

La tatu ndilo kubwa. Anampa maikrofoni Bernard Carabello. Carabello alikuwa na ulemavu wa ubongo unaoathiri viungo na usemi, madaktari wakaamua hana akili, akaishi Willowbrook miaka 18. Anaongea kwa taabu, na filamu inamsubiri amalize. Ghafla wale wengine sakafuni hawawi tena miili ya kuhurumiwa tu. Unajiuliza kila mmoja wao angesema nini. Carabello alitoka, akawa mtetezi wa wenzake. Taasisi yenyewe ilishtakiwa, na hatimaye ikafungwa 1987.

Hili linatuhusu sisi wenye simu mkononi. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na asiitwe kwa majina ya kudhalilisha, lakini "zezeta" na "taahira" bado zinachekesha watu kwenye matatu. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao warudi kwa familia na jamii. Kuna mtu atatengeneza filamu kuhusu hilo, pengine wewe unayesoma hapa.

Basi ukifika, usiende kuwinda kofi peke yake. Kaa hadi saa tisa mchana. Angalia chakula kinachukua dakika ngapi, nani ameshika ufunguo, nani alimchagulia yule kaka shati alilovaa. Kisha muulize mwenyewe, umsubiri ajibu, na usikate kimya chake wakati wa kuhariri.