Kukanda au Kukandamiza? Istilahi za Dharura Vyuoni

Katika chuo kimoja huko Laela, Ufipa, limebandikwa ukutani mwa bweni tangazo lihusulo huduma ya kwanza. Nia ya mwandishi wake ni njema na hati yake yasomeka. Lugha yake ndiyo itakayomponza mgonjwa.

Toka Laela hadi Sumbawanga mjini, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa, ni kilomita zipatazo 95. Lami imeifupisha safari, lakini ubongo uliokosa oksijeni huanza kudhurika baada ya dakika chache tu. Kwa hiyo mwanafunzi aliye karibu ndiye tabibu wa kwanza, na pengine maneno ya ukutani ndiyo elimu yake yote.

Tangazo laagiza kwamba moyo ukisimama, mgonjwa "akandwe kifua". Kukanda, ajuavyo kila Mswahili, ni kusinga mwili kwa mafuta au maji ya moto, au kuponda unga wa chapati. Mwenye kuitii amri hii atampapasa mgonjwa hata afe. Litakiwalo ni kukandamiza: kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6 kisha kiachwe kipande, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kosa hili lina asili yake: zamani Waingereza waliliita tendo hili kwa neno lile lile la kusinga mwili, na mtafsiri akafuata neno akaliacha tendo.

"Mshtuko" nao umebebeshwa mzigo wa punda watatu: umeme, moyo, na damu kutofika viungoni. Aliyepigwa na umeme na aitwe hivyo hivyo. "Mshtuko wa moyo" umekwisha kuzoeleka, nao ubaki. Hali ya tatu ndiyo yenye taabu, maana asomaye "mshtuko" tu hudhani ni hofu, akambembeleza mtu badala ya kumlaza. "Upungufu wa damu" haufai, kwani ni jina la maradhi mengine. Napendekeza "kudhoofu kwa mzunguko wa damu". Ni refu, lakini halidanganyi.

Kifafa cha mtu mzima kimeitwa degedege, jina la mtoto mwenye homa. Ama kijiko kinachoamriwa kutiwa kinywani, hilo si la istilahi, lakini lifutwe leo.

Yupo atakayejibu kwamba wanafunzi huelewa tu. Basi na asomewe mmoja wao sentensi ile ya kifua, apewe mwanasesere, tuitazame mikono yake.