Mshauri wa Mwalimu na Hesabu ya Maneno: Uhakiki wa Mbinu za Kuimarisha Usomaji katika Shule za Umma za Nairobi

Makusudi ya makala haya ni kuuhakiki utaratibu wa kuwashauri walimu wa madarasa ya chini katika kazi ya kufundisha kusoma, hususan katika shule za umma za Nairobi. Wataalamu wa elimu na wa uchumi wameujadili utaratibu huu kwa mapana, wakiuliza kama unaleta faida na kwa gharama gani. Sauti ya wanaisimu wa Kiswahili, hata hivyo, haijasikika vya kutosha. Hili ni jambo la kusikitisha, madhali kinachofundishwa ni lugha, na mizani inayotumiwa kumpima mtoto na mwalimu wake ni mizani ya lugha.

Fikra ya kumpelekea mwalimu msaada darasani si ngeni nchini Kenya. Tangu enzi za ukoloni mwalimu alimzoea mkaguzi, mtu aliyefika kutazama rejista na maazimio ya kazi, akaandika ripoti na kwenda zake. Vituo vya ushauri wa walimu vilianzishwa baada ya uhuru ili mwalimu apate mtu wa namna nyingine: mwenzake aliyebobea, awezaye kuketi naye na kumwonyesha njia. Nia ilikuwa njema, lakini vitendea kazi vilikuwa haba, na aghalabu mshauri hakuwa hata na nauli ya kumfikisha shuleni. Masomo ya shule ya msingi yalipotolewa bila malipo mwaka 2003, madarasa ya mijini yalifurika na haja ya msaada ikazidi.

Mabadiliko makubwa yalitokea kwa mradi wa PRIMR, uliojaribiwa kati ya miaka 2011 na 2014, na ule wa Tusome uliofuata, ambao ulianza kutekelezwa nchini kote mwaka 2015. Katika Tusome kila mwanafunzi alikusudiwa awe na kitabu chake, mwalimu akapewa mwongozo ulioeleza kila hatua ya somo, na mshauri akapewa kishikwambi. Alipoingia darasani alilitazama somo, akawachagua wanafunzi watatu bila upendeleo, akawasikiliza wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu. Kishikwambi kilirekodi mahali alipokuwa, naye akarejeshewa nauli kwa kadiri ya ziara zilizothibitishwa.

Haki itendeke: utaratibu huu ulizaa matunda. Tathmini zilionyesha kwamba viwango vya kusoma vilipanda, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Isitoshe, majaribio ya PRIMR yalibainisha kwamba mafunzo na ushauri pekee havikufua dafu kama vilivyofanya vilipoambatana na vitabu vya kutosha na mwongozo ulio wazi. Hili ni funzo lenye uzito, kwani linawakosoa wale wanaodhani kuwa semina mbili tatu zatosha kumgeuza mwalimu. Ubishi wa makala haya, basi, hauhusu kama mwalimu ashauriwe, bali unahusu ashauriwe juu ya nini.

Kipimo kikuu alichokuwa nacho mshauri kilikuwa idadi ya maneno ambayo mtoto aliyasoma sawasawa kwa dakika moja. Viwango vilivyowekwa nchini vilimtaka msomaji fasaha asome maneno 65 ya Kiingereza au 45 ya Kiswahili. Tofauti hii yenyewe ni ungamo kwamba neno la Kiswahili si sawa na neno la Kiingereza. Neno "hatutawaambia" lina mofimu sita, na Kiingereza kingehitaji maneno matano kulieleza. Walakini ungamo hilo halikufikishwa mwisho, kwa kuwa maneno ya Kiswahili hayalingani hata yenyewe kwa yenyewe. Tuseme mtoto mmoja amesoma "Baba na mama wa Juma wako hapa". Amesoma maneno saba yenye silabi kumi na mbili. Mwenzake amesoma "Hawakutusubiri walipoondoka". Huyu amesoma maneno mawili tu, lakini silabi zake ni kumi na tatu, na ndani yake mna ukanushi, nafsi, njeo, yambwa na urejeshi. Kwa hesabu ya maneno, wa kwanza amemshinda wa pili zaidi ya mara tatu. Kwa hesabu ya kazi iliyofanywa na akili, mshindi ni wa pili. Mtungaji wa kifungu cha kusoma akipenda maneno mafupi, darasa zima litaonekana limeendelea, na mshauri atamsifu mwalimu ambaye pengine hakubadilisha lolote.

Udhaifu huu hudhihirika zaidi makosa yanapohesabiwa. Watoto wengi wa Nairobi hukua wakizungumza Sheng na Kiswahili cha mtaani, ambamo upatanisho wa ngeli umelegea. Mtoto wa namna hiyo akikuta "kiatu changu" kitabuni huenda akasoma "kiatu yangu". Maana ameipata, na kwa hakika ameisoma upesi hata akaitamka kwa lugha ya kwao. Mwenzake anakuta "Baba alimpigia Musa simu", naye anasoma "Baba alimpiga Musa simu". Irabu moja ya kiambishi cha kutendea imepotea, na baba aliyepiga simu amegeuka baba aliyempiga mtoto. Kwenye kishikwambi kila mmoja wa watoto hawa ana kosa moja. Ilhali dawa zao ni mbalimbali. Wa kwanza anahitaji mazoezi ya kusema na kusikia Kiswahili sanifu, bila kudharauliwa kwa lugha aliyokuja nayo. Wa pili anahitaji kufundishwa kutazama neno refu kipande kwa kipande. Mshauri asiyeweza kuzitofautisha hali hizi atamwambia mwalimu jambo moja kwa wote: wasome kwa haraka zaidi.

Yaweza kujibiwa kwamba hesabu rahisi ina faida yake: mshauri yeyote aweza kuifanya, na matokeo ya shule moja yalinganishwe na ya nyingine. Jibu hilo lina uzito kwa msimamizi aliye ofisini. Kwa mwalimu lina hatari. Mshauri ambaye nauli yake hufuata ziara, na ambaye takwimu zake hupanda hadi kwa wakubwa, huanza kufanana na yule mkaguzi wa kale aliyekusudiwa kumwondolea mwalimu hofu. Katika shule ya mjini yenye mikondo mitatu au minne, ambapo mwalimu mmoja huwa na wanafunzi wengi kupita kiasi, hofu hiyo humfanya auandame mwongozo neno kwa neno na kuwaandaa wachache wanaosoma vyema.

Suala hili halitengani na hadhi ya Kiswahili chenyewe. Ripoti ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilielekeza itumike lugha ya mazingira ya shule katika miaka mitatu ya mwanzo, na Nairobi, penye mchanganyiko wa makabila, lugha hiyo haiwezi kuwa nyingine ila Kiswahili. Hata hivyo shule nyingi za mjini zimeendelea kukipendelea Kiingereza, na mbinu za kufundisha kusoma zimefuata mkondo huo huo. Tahajia ya Kiswahili ni wazi. Mtoto aliyezimudu silabi aweza kutamka takriban neno lolote. Kwa sababu hiyo wepesi wa kutamka hauthibitishi kwamba ameelewa.

Kinachopendekezwa hapa hakihitaji fedha nyingi. Kwanza, mafunzo ya washauri yajumuishe sarufi ya neno la Kiswahili: silabi, mofimu na upatanisho. Pili, vifungu vya majaribio vilinganishwe kwa idadi ya silabi. Tatu, mshauri aandike makosa matatu aliyoyasikia na maana yake, wala asiishie kuandika idadi. Kazi ya kuandaa mafunzo hayo ni ya idara za Kiswahili za vyuo vikuu, ambazo hadi sasa zimemngoja mtoto huyu afike kwao akiwa mtu mzima, na kisha zikalalamika kwamba hasomi.