Mgawo wa Pumzi: Namna ya Kuitambua Manifodi Nzuri

Mtu akikuletea manifodi ya kuingiza hewa aliyoichomelea mwenyewe, usiisifu kwa mng'ao wa nje. Washa tochi, elekeza mwanga kwenye mlango wa kabureta, kisha chungulia kila tundu la silinda, moja baada ya jingine. Yanayoamua kama injini itavuta au itaungua yamo humo ndani.

Niko Nyamisangura, mjini Tarime, na mfano ninaoutumia ni Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 2F: silinda sita mstarini, lita 4.2, kabureta moja katikati. Hapa tuko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini inavuta pumzi fupi. Supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye krenki, hurudisha pumzi hiyo na kuongeza. Ila manifodi ya kiwandani haikuchongwa kwa ajili yake, kwa hiyo lazima itengenezwe nyingine, na hapo ndipo mafundi hutofautiana.

Ukanda wa Ziwa Victoria uliwahi kuona kazi hii ya kugawa hewa ikifanywa kwa ustadi mkubwa. Ndege za shirika la Imperial Airways zilizokuwa zikitua majini Kisumu mwaka 1937 zilikuwa na injini za Bristol Pegasus, zenye kabureta na supachaja. Silinda tisa zilipangwa duara, na mabomba ya hewa yalitoka katikati kama spoku za baiskeli, kila moja na urefu uleule. Umbo lenyewe lilisaidia kugawa sawa. Injini ya mstari haina bahati hiyo. Silinda ya kwanza na ya sita ziko mbali na kabureta, ya tatu na ya nne ziko mlangoni. Usawa wote unatoka mikononi mwa fundi.

Tena si hewa tu inayogawiwa. Matone ya petroli ni mazito kuliko hewa. Kona ikiwa kali, hewa hupinda nayo lakini petroli huendelea mbele na kugonga ukuta. Silinda moja inazama kwenye mafuta, jirani yake inabaki kavu. Kwa hiyo pitisha kidole kwenye kila kona: ipinde taratibu, bila pembe, na upana wa bomba usibadilike ghafla.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosea. Wakiona ndani kumesuguliwa hadi kung'aa kama kioo, hulipa zaidi. Mimi ningemwuliza fundi kwa nini alifanya vile. Manifodi inayopitisha petroli hufaa ibaki na mkwaruzo kidogo, kama wa msasa wa kati. Juu ya ukuta laini mno petroli hujikusanya na kutiririka kama mchirizi, badala ya kurudi hewani.

Sasa mishono. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, lakini ngozi ya oksaidi inayoifunika huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Fundi asiyeisafisha vizuri kabla ya kuchomelea hukuachia mshono mweusi wenye vitundu. Anayetumia chuma huepuka shida hiyo, ila hukutana na nyingine: matone yanayoganda ndani ya bomba. Niliwahi kununua manifodi nzuri sana kwa macho. Wiki ya pili injini ikaanza misi. Tulipofungua hedi tulikuta punje ya chuma, ndogo kuliko punje ya ulezi, imebanwa kwenye kiti cha valvu, na juu ya pistoni pana alama za kugongwa. Tangu siku ile sifungi manifodi kabla ya kuigonga kwa nyundo ya mbao, kuimwagia mafuta ya taa na kuyachuja kwenye kitambaa cheupe.

Flenji, yaani uso unaofungwa kwenye hedi, ipime kwa rula ya chuma na fila geji. Kipande cha geji cha milimita 0.10 kikipita popote, irudi kusawazishwa. Joto la kuchomelea huvuta chuma, na fundi makini hulijua hilo mapema: huifunga flenji kwenye hedi chakavu, huchomelea ikiwa imebanwa, na haifungui hadi ipoe. Tundu la manifodi liwe dogo kidogo kuliko la hedi. Likiwa kubwa, mdomo wa hedi husimama mbele ya hewa kama kizingiti.

Injini ya kawaida ikivuja hapo, hunyonya hewa. Yenye supachaja hutapika petroli, na kwenye 2F bomba la ekzosi liko chini ya manifodi, upande uleule. Hilo ni moto. Ziba matundu yote kwa sahani na vipande vya tyubu, jaza hewa kwa pampu ya baiskeli hadi baa 0.5, paka maji ya sabuni kila mshono. Povu moja tu linatosha kuikataa. Na kama kabureta imekaa kabla ya supachaja, dai valvu ya usalama yenye springi, kwa sababu manifodi nzima imejaa mchanganyiko unaowaka, na moto ukirudi nyuma lazima upate pa kutokea.

Geji ya presha nayo inahitaji kusomwa kwa akili. Ikionyesha baa 0.3 hapa Tarime, silinda inapata kama 1.15 kwa jumla, juu kidogo tu ya hewa ya pwani. Gari hilohilo likishuka Dar, pampu ile huzidisha hewa nzito, jumla inakaribia 1.4, na injini iliyokuwa tulivu huanza kugonga.

Jaribio la mwisho ni la barabarani. Nenda Sirari na urudi, ukivuta mlimani, kisha zima injini ikiwa bado na mzigo, bila kuiacha kwanza ingurume polepole. Fungua plagi zote sita, zipange kwa namba juu ya kitambaa. Zikiwa zote kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, mlipe fundi wako. Ya sita ikiwa nyeupe na yenye vidoto vinavyometa, hivyo ni aluminiamu ya pistoni. Usiongeze mafuta kwenye kabureta kwa ajili yake, maana zile tano zitazama. Vunja mshono wa bomba la sita na upinde kona upya.