Ukili wa Safari ya Maskati

Mwezi wa Oktoba, ukishuka matatu pale njia panda ya Kombani, barabara ya Kwale inapoachana na ile ya kwenda Ukunda na Lunga Lunga, utakuta mawingu yameshaanza kutanda juu ya vilima vya Shimba. Wauza mabuyu na korosho wameweka nailoni karibu, maana mvua ya huku haibishi hodi. Nyuma ya maduka, mbali kidogo na honi za boda boda, bibi mmoja ameketi jamvini, mguu mmoja kaunyoosha, anasuka. Kando yake pana bakuli la maji. Anachovya miyaa, anaikung'uta, anapitisha mmoja chini ya mwenziwe, na ukili unamteremkia magotini polepole kama nyoka aliyeshiba.

Mjukuu wake ana safari. Shangazi yake aliyeolewa Maskati amemwalika wiki mbili za Novemba, na kijana ameazimia kufika Nizwa, kufika Sur, na kulala japo usiku mmoja kwenye machanga ya Sharqiyah. Yeye anapanga kwa simu, bibi anapanga kwa vidole.

Walianza kwa kubishania neno. Kijana alisema amesoma kwamba Oman huendewa wakati wa vuli. Bibi akacheka mpaka ukili ukamponyoka. "Vuli, mume wangu? Wenda kulima?" Kwa mtu wa Kwale vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, mvua za kupanda kunde na mahindi ya haraka. Watafsiri ndio waliolichukua neno hilo wakalivika majira ya Ulaya ya majani kupukutika. Kaskazini mwa Oman hakuna hili wala lile. Kuna joto, kisha kuna nafuu. Joto lenyewe si la mchezo: mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Qurayyat ulioko pwani karibu na Maskati, ilipita siku nzima, mchana na usiku, bila kipimo kushuka chini ya nyuzi 42.6. Nafuu huingia Oktoba, nayo pia ina vitimbi vyake. Tarehe 3 Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kilitua pwani ya Batinah, na mabonde yaliyokuwa makavu yakawa mito ya kuchukua magari. Msafiri wa jangwani anapaswa kuuliza habari za maji mara mbili: ya kunywa na ya kukimbia.

Wazee wa pwani hii wangeshangaa kusikia mtu anafunga safari ya Uarabuni mwezi wa Novemba. Enzi za tanga, mwezi huo mlango ulikuwa unajifunga. Kaskazi ikianza kuvuma, majahazi yalikuwa yanakuja huku, yameshiba tende, chumvi, mazulia na samaki wakavu. Kurudi kulingoja kusi, na kusi nayo ina tabia zake: katikati ya msimu inachafua bahari, kwa hiyo manahodha walitoka mwanzoni mwake au mwishoni, wakati wa demani. Aliyekosa demani alikaa akanywa kahawa miezi mingi. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na majahazi hayo mwaka 1938 na 1939, katika chombo cha Wakuwait kilichoitwa Bayan, kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji, wakapakia boriti na kurejea Ghuba. Aliyoyaona yalikuwa karibu na mwisho. Leo mtu anatoka Kombani asubuhi, anakata barabara ya Dongo Kundu bila kuonana na feri ya Likoni, na usiku yuko Maskati. Haulizi upepo umekaa wapi.

Hasara haiko katika ndege, ila katika kupotea kwa ile miezi ya kungoja, ambayo haikuwa ya bure.

Anachosuka bibi ni msala, mkeka wa kusalia. Miyaa yake ni ya mkoma, iliyoanikwa juani mpaka ikapauka, na mistari ya pembeni ni ukindu uliochemshwa na rangi, mwekundu na zambarau. Ukili mmoja mwembamba husukwa kwa pima nyingi bila kukatwa. Ukifika mwisho wa ujani unapachika mwingine, na fundi mzuri hujulikana hapo, kwamba kidole kikipita hakikwami. Ndipo inapoingia shazia, sindano ya mikeka: ukili unalazwa ubavuni mwa mwenziwe, unashonwa kwa uzi wa miyaa hiyo hiyo, mstari baada ya mstari, na mchoro ambao ulipokuwa ukisukwa ulionekana kama fujo unaanza kukutana na nusu yake. Bibi hana karatasi ya mchoro. Ana hesabu kichwani, na akikatizwa na mgeni hunyanyua mkono mmoja, kama mtu aliye katika sala, amalize kwanza.

Mkononi msala huo hauna uzito wa kutisha mzani wa uwanja wa ndege. Unakunjwa kama gazeti. Ukiutandika penye joto hauunguzi goti, kwa sababu hewa inapita katikati ya kili. Na mchanga, huo mchanga laini wa Sharqiyah unaoingia kwenye simu, kwenye meno na kwenye mishono ya kila kitu, hauna pa kushika: unaukung'uta mara mbili umekwisha. Zulia dogo la kiwandani lenye picha ya Kaaba, ambalo kijana alikuwa ameshalinunua Mombasa, litarudi na nusu ya jangwa ndani yake.

Lakini faida kubwa ya msala ni kwamba unachukua wiki. Katika wiki hizo bibi husuka akiuliza. Umeshapiga simu kwa shangazi yako, au umemwandikia tu? Yule wa duka la simenti unamdai au anakudai? Cheti cha homa ya manjano je? Kijana alidhani chanjo hiyo ni jambo la siku ya mwisho. Hakujua kwamba cheti huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano. Alikwenda kuchanjwa kwa sababu ukili ulikuwa bado mrefu na maswali yalikuwa hayajaisha. Akaambiwa pia achukue kikoi kizito, kwa kuwa usiku wa jangwa mwezi wa Novemba hauna huruma na mtu wa pwani. Na leso mbili, moja ya shangazi na moja ya kufungia vitu, maana leso haikatai kazi. Kilichobaki ni kutaka radhi. Zamani msafiri alizunguka nyumba kwa nyumba kuagana, na aliyekuwa na kinyongo alipata nafasi ya kukitoa. Siku hizi mtu hujulikana kuwa amesafiri kwa picha ya dirisha la ndege.

Wapo walioondoka bila bibi wa kuwauliza. Kila mwaka vijana wa pwani, wasichana wengi wao, hupanda ndege kwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, wengine wakiitwa leo na kuondoka keshokutwa, begi la magurudumu limenunuliwa usiku. Wengine hurudi salama na wamejenga. Lakini ni vigumu kumwangalia msichana wa miaka ishirini na kitu akienda penye joto la nyuzi 45 na suruali nzito ya jinzi na namba moja ya simu, bila kujiuliza watu wazima wa nyumba hiyo walikuwa wapi.

Kuna jambo moja ambalo bibi hulikumbuka kila anapopachika ukindu, na hapo mikono hupunguza mwendo. Alipokuwa mdogo, baba yake alirudi kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa na kanda la tende. Tende zilikuwa zimeshikana, nyeusi, zinatoka asali, na mama yake alizikata kwa kisu kama sabuni. Watoto waligombania tende. Mama aligombania kanda. Alilimwaga, akalichovya maji ya moto kuondoa utamu, akalianika, kisha akaketi nalo kulifumua pembeni apate kuona Waarabu hufungaje mwisho. Akaona ni vile vile anavyofunga yeye, ila wenzake wametumia majani ya mtende.

Haikuwa ajabu. Mkindu na mtende ni ndugu wa ukoo mmoja, huyu wa mabondeni kwetu na yule wa jangwani kwao. Mwanamke wa Nizwa akiushika msala wa Kombani atajua ulipoanzia na ulipomalizikia. Tofauti ni yaliyofuata. Mwaka 2019 Oman na nchi nyingine za Kiarabu ziliuingiza ujuzi wa mtende, pamoja na kazi za mikono zinazotokana nao, katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Kwale nayo ina heshima yake huko, kwa kuwa baadhi ya misitu ya kaya za Wamijikenda, Kaya Kinondo ya Diani ikiwemo, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Miti imeandikwa. Vidole vya kusuka vimeachwa vizeeke.

Na nafasi ilikuwepo. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mtu angedhani asubuhi ile vikapu vya Kwale vingegombaniwa kama mkate wa Ramadhani. Watu walikwenda kununua mifuko mingine ya dukani, ya rangi za kupendeza, inayochanika upesi. Vikapu vikabaki Diani kwenye vibanda vya watalii, navyo husafiri hadi Ulaya kubebea taulo za pwani, huku mwenye mkoma uani akienda sokoni na mfuko wa kiwandani.

Msala ulimalizika siku ya Alhamisi, bado siku tatu. Bibi aliukagua kwenye mwanga wa mlango, akakata uzi kwa meno, akaukunja ndani ya leso. Mjukuu aliuweka juu kabisa ya begi, na lile zulia la Mombasa akampa mdogo wake. Kisha akauliza amletee bibi zawadi gani. Akajibiwa: tende, lakini zije ndani ya kanda, si ndani ya kopo.

Miyaa iliyobaki inatosha misala miwili. Aliye na safari ya Novemba mwakani na aende Kombani mwezi wa Agosti, maana bibi hapokei kazi ya haraka, na hakuna wa pili wa kumsaidia.